Tupeane uzoefu: Wazee wenye watoto wa hali adimu za kijenetiki, tusimulieni furaha zenu

Mama wa Kikwajuni

Assalaam alaykum wazee wenzangu.

Wiki iliyopita nilikuwa dukani Darajani pamoja na kijana wangu wa miaka tisa. Mama mmoja tusiyejuana naye alimtazama mtoto usoni, akanitazama na mimi, kisha akanishika mkono na kuniambia kwa sauti ile ya chini inayotumika matangani, "Mwenyezi Mungu akupe subira, mama." Niliitikia amin, kwa sababu dua hairejeshwi. Lakini wakati huohuo kijana wangu alikuwa ameshamuuliza mwenye duka habari za mke wake, ameshamjulisha kwamba kwetu leo kumepikwa samaki wa nazi, na duka zima lilikuwa likicheka, nami nikiwa miongoni mwa wanaocheka. Nilirudi nyumbani nikijiuliza ni watu wangapi walionipa pole katika miaka hii tisa, na ni nani kati yao aliyewahi kuniuliza kama nina furaha.

Ndiyo maana nimeanzisha mazungumzo haya. Tabu tunazijua na tumeshazizungumza mara nyingi: safari za boti, foleni, dawa zinazokosekana, maneno ya watu. Hapa ninaomba kila mwenye mtoto mwenye hali adimu ya kijenetiki atusimulie furaha aliyoipata kwa mtoto huyo jinsi alivyo. Sikusudii furaha ya siku atakapopona, maana wengi wao hali zao ni za maisha, wala sikusudii malipo tunayoyataraji akhera, ambayo ni baina ya kila mtu na Mola wake. Nakusudia furaha ya hapa nyumbani, ya Jumanne ya kawaida. Nitaanza mimi.

Kijana wangu ana hali ya Williams, iliyopewa jina la daktari wa New Zealand aliyeieleza mwaka 1961. Inakisiwa kumpata mtoto mmoja katika watoto 7,500 hadi 10,000. Kromosomu ni nyuzi ndani ya seli zinazobeba jeni, yaani maelekezo ya urithi ya mwili. Kipande kidogo cha kromosomu namba 7, chenye jeni zipatazo 26 hadi 28, hakimo katika mojawapo ya nakala zake mbili, na miongoni mwa jeni zilizopotea ni ile inayotengeneza elastini, protini inayoipa mishipa ya damu uwezo wa kutanuka na kurudi. Mimi na baba yake hatukumrithisha. Kwa wengi wao kipande hicho hukatika wenyewe pale yai au mbegu inapoundwa, na hakuna chakula, dawa wala husuda iliyosababisha. Nimelazimika kulieleza hilo la husuda mara nyingi kuliko mambo mengine yote.

Mwaka wa kwanza alilia usiku kucha, akatapika, na uzito ukakataa kupanda. Alipokuwa na miezi minane, daktari alisikia mvumo katika moyo wake, tukavuka kwenda Dar es Salaam katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, na picha ikaonyesha kwamba mshipa mkuu unaotoka moyoni umebana juu kidogo ya vali. Daktari aliyetupa jina la hali hii alitazama picha mara moja tu. Muda wote uliobaki alikuwa akimtazama mtoto, mdomo wake mpana, pua iliyobinuka kidogo nchani, na uvimbe mdogo kuzunguka macho. Alisema sura hiyo anaijua. Damu ilipelekwa nje ya nchi, majibu yakachukua miezi, na yeye alikuwa sahihi.

Sasa niseme nilichokuja kukisema. Mtoto huyu hana mgeni. Kwake kila mtu ni jamaa ambaye bado hajaulizwa habari zake. Bibi yake mzaa baba alikuwa akiugua magoti, na kwa kuwa aliwasikia wakubwa wakimuuliza kila siku, "Magoti yako vipi leo?", alidhani hiyo ndiyo salamu yenyewe. Basi mpaka leo humuuliza kila mtu habari za magoti yake: imamu, kondakta wa daladala, mwalimu mkuu wa skuli. Niliwahi kujaribu kumwachisha, nikashindwa, na sasa namshukuru Mungu kwamba nilishindwa. Alipofariki mke wa ami yangu, ami alikaa siku tatu mkavu, hali wala halii, na wazee wenziwe wakawa wanapokezana kumpa maneno ya subira. Kijana wangu alijipenyeza, akakaa ubavuni pake, akamuuliza, "Magoti yako vipi?" Ami akajibu, "Yananiuma, baba," kisha ndipo machozi yakamtoka, na baada ya hapo akakubali uji.

Masikio yake ni makali kupita kiasi, jambo ambalo ni la kawaida kwa watoto wa hali hii. Vespa ya jirani ikiwashwa huyaziba kwa viganja vyote viwili, lakini anaijua vespa ya kila mtu mtaani kabla haijakunja kona, na hutangaza anayekuja kana kwamba yuko redioni. Hajui kufunga kamba za viatu, wala hajui chenji inayorudi kwenye noti ya elfu mbili. Muziki anaujua. Mwaka jana katika harusi ya binamu yake walialikwa wapigaji wa taarabu wa zamani, wenye fidla, akodiani na kanuni, naye alisimama mbele ya mpiga kanuni kwa nyimbo tatu nzima bila ya kupepesa. Watu walipoanza kwenda kumtunza mwimbaji, mmoja noti ya elfu tano, mwengine elfu kumi, aliwatazama, akajipapasa mfukoni, akatoa biskuti moja iliyokwisha kuvunjika pembe, akapanda nayo mbele kwa mwendo uleule wa madaha wa shangazi zake. Mwimbaji hakukatisha ubeti. Aliipokea biskuti kwa mikono miwili, akaiweka pamoja na noti, akaimba beti iliyofuata akimtazama yeye peke yake.

Mimi niliyekuwa nimekaa nyuma na wanawake wenzangu sikuhitaji subira ya mtu usiku ule. Karibuni.

Mkulima wa Mtambwe

Wa alaykum salaam. Mimi ni mkulima wa karafuu wa Mtambwe, Pemba, na kuandika si kazi yangu, lakini saa hizi ni saa nane za usiku na binti yangu yuko macho, kwa hiyo nafasi ninayo.

Ana miaka kumi na miwili. Hasemi hata neno moja, na anacheka. Alitembea alipotimiza miaka mitano, miguu ameitanua na mikono ameinyanyua, kama baharia aliyeshuka jahazini leo. Alipokuwa na miaka miwili alianza kuanguka kifafa, jamaa wakasema ana jini, na kule kucheka kwake bila ya sababu kukawa ndiyo ushahidi. Tukasomesha, tukamnywesha kombe, tukafukiza ubani. Kisomo sikijutii, maana Kur-ani haimdhuru mtu, lakini miaka mitatu ilipita bila ya dawa ya kifafa, na hiyo naijutia. Siku daktari alipotueleza, mke wangu aliuliza mara mbili kwa kudhani hakusikia vizuri. Sisi tulikuwa tukitafuta jini, kumbe ni jeni.

Hali yake inaitwa Angelman, kwa jina la daktari wa watoto wa Uingereza, Harry Angelman, aliyeandika mwaka 1965 kuhusu watoto watatu wa namna hii. Nimesoma kwamba aliwaita watoto vikaragosi, na kwamba fikra hiyo ilimjia kwa picha ya zamani ya mtoto anayecheka, aliyoiona katika jumba la makumbusho la Verona, Italia. Jina hilo baadaye liliachwa, na vizuri liliachwa. Tatizo lenyewe liko kwenye kromosomu namba 15. Kuna jeni moja hapo ambayo kila mtu anayo nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama, lakini katika seli za neva za ubongo ile ya baba hunyamazishwa na inayofanya kazi ni ya mama peke yake. Ikikosekana ya mama, hapana ya akiba. Niliposikia neno "ya mama" moyo ulinipasuka, si kwa ajili ya ugonjwa bali kwa kujua namna litakavyopokelewa nyumbani kwetu. Daktari alinihakikishia kwamba kwa watoto wapatao saba katika kumi sehemu hiyo imekatika tu bila ya mtu kufanya lolote, lakini mimi nawajua watu wangu. Nilipofika nyumbani nikasema ni kromosomu namba 15, nikanyamaza hapo hapo. Mpaka leo dada zangu wanasema kromosomu namba 15, na hakuna aliyeuliza zaidi.

Watoto wa hali hii wana mapenzi na maji. Wangu akiyaona hutetemeka mikono kwa furaha. Alipokuwa na miaka saba nilikuwa nimekaa ukumbini nikitengeneza ufito wa kuangulia karafuu, nikahisi kitu kinanigonga goti. Alikuwa yeye, ameshika ndoo tupu. Nikadhani anacheza. Akanigonga tena, akaiweka miguuni pangu, akaelekea upande wa kisima, akageuka kunitazama, akarudi, akanigonga mara ya tatu. Ndugu zangu, mtoto huyu alikuwa hajawahi kuniomba kitu tangu kuzaliwa. Alikuwa akilia tukabahatisha, akinyamaza tukajua tumepata. Siku ile aliniomba. Nilimwogesha, nikamfuta, nikamvisha, akaileta tena ndoo. Nilimwogesha mara tatu jioni ile, kwa sababu miaka saba nilikuwa nikisubiri kuombwa na sikuweza kusema hapana. Mama yake alituona wote wawili tumerowa, akatuuliza nani kati yetu ndiye mgonjwa.

Msimu wa karafuu ndio wakati wake mkubwa. Zikiwa zimeanikwa majamvini hukaa katikati, huzichota kwa viganja na kuziachia zianguke, akasikiliza zinavyolia, akacheka, akachota tena. Watoto wanaochambua makonyo husogeza vikao vyao karibu naye bila ya kuambiwa, maana kazi ni ya kuchosha na kicheko chake kinaambukiza. Nimeona watu wazima wakianza kucheka bila ya kujua wanachekea nini. Nikiwa shamba, juu ya mkarafuu, upepo ukivuma kutoka nyumbani namsikia.

Usiku halali zaidi ya saa nne au tano. Zamani nilikuwa nikizihesabu saa nilizozikosa na asubuhi nikawasimulia watu. Sasa tunakaa barazani, namfunika shuka, tunatazama taa za wavuvi wa dagaa upande wa Wete. Taa moja ikizima hucheka, ikiwaka hucheka. Nadhani ana mchezo wake wa kubahatisha ipi itafuata, na nashuku ananishinda.

Bibi wa Makunduchi

Anaandika mjukuu wangu mkubwa kwa niaba yangu, nami nasema polepole ili asinikosee.

Ninaye mjukuu wa miaka kumi na mmoja mwenye maradhi ya mifupa kuvunjika. Mwili wake hautengenezi vizuri ile protini ya kolajeni inayoishika mifupa, na weupe wa macho yake una rangi ya buluu kama maji ya kina kifupi. Alizaliwa paja limekwisha vunjika. Nimeshaacha kuhesabu.

Kwa kuwa hawezi kukimbia na wenziwe, babu yake alimfundisha bao kabla hajafariki. Bao lina mashimo 32 na kete 64, na mtoto huyu alipokuwa na miaka minane alikuwa anakwambia zilizomo katika kila shimo bila ya kutazama. Mwaka juzi alivunjika mguu akawa amelala na plasta. Akaja mzee mmoja wa hapa kwetu, bingwa wa bao ambaye nisimtaje, kuja kutupa pole. Mtoto akamwomba wacheze. Mzee akakaa pembeni ya kitanda, akamchezea kwa huruma, akiachia kete hapa na pale ili kumfurahisha. Namua, ile hatua ya kwanza ya mchezo, haijesha, nyumba ya mzee, shimo lake kuu, ikaliwa. Akanyamaza. Akavua kofia akaiweka juu ya goti. Bao la pili hakucheza kwa huruma, na la pili pia alifungwa.

Tangu siku hiyo huja kila baada ya sala ya alasiri, na hajatoa pole tena hata siku moja. Huja na hasira zake za jana. Mimi huwapelekea chai na mkate wa kumimina, na nikisikia mzee anapiga ubao kwa kiganja na mjukuu wangu anamwambia, "Babu, ubao hauna kosa," basi siku yangu imekamilika. Ndiyo furaha yangu hiyo.

Mama wa Vitongoji

Nimesoma yote na nimecheka kwa biskuti mpaka nikaulizwa nina nini. Lakini nitasema jambo ambalo huenda halitapendwa. Mama wa Kikwajuni, umetutaka tulete furaha peke yake, na mimi kwangu haikai peke yake. Nikiitoa sehemu ya pili sitaweza kuwaonyesha hii ya kwanza.

Binti yangu ana hali ya Rett, ambayo Andreas Rett, daktari wa Austria, aliieleza mwaka 1966, na jeni yake ikapatikana mwaka 1999 katika kromosomu X. Karibu wote wenye hali hii ni wasichana. Jambo lililo tofauti na watoto wenu ni kwamba wangu alianza vizuri. Alipokuwa na mwaka na nusu alikuwa akisema "maji," akisema "dada," akishika kijiko. Kisha kati ya mwezi mmoja na mwengine vikaondoka kimoja kimoja, mikono ikaacha kushika vitu ikaanza kujisugua yenyewe kwa yenyewe, kama mtu anayenawa bila ya maji, na haikuacha mpaka leo ana miaka kumi. Ninayo sauti yake kwenye simu yangu ya zamani akisema "dada". Simu hiyo siiuzi.

Kilichobaki ni macho. Yanazungumza, lakini yanazungumza kwa wakati wake, na ilinichukua miaka kufahamu kwamba si kwamba hanijibu, bali mimi ndiye nilikuwa naondoka kabla ya jibu kufika. Muuguzi mmoja ndiye aliyenishauri nimwonyeshe vitu viwili na ningoje. Nikaanza na kanga. Kila asubuhi nanyanyua kanga mbili, moja mkono wa kulia na moja wa kushoto, namsomea majina yaliyoandikwa, kisha nahesabu kimoyomoyo. Nilikuwa nikifika kumi na tano, ishirini, ndipo macho yanahama polepole yanatua kwenye mojawapo. Namfunga hiyo. Nilijua basi kwamba hapendi ya kijani, na kwamba majina yenye mafumbo ya mawifi yanamchekesha.

Siku ya Idd iliyopita nilinunua doti mbili mpya kwa fedha nilizozidunduliza, nikamnyanyulia kwa fahari. Nikahesabu. Macho yalikwenda kulia, yakaenda kushoto, yakanitazama mimi, kisha yakaondoka kabisa yakatua kwenye kabati. Nikadhani amechoka. Nikarudia. Yakatua kabatini. Nikafungua kabati nikatoa ile kanga yake kuukuu iliyopauka ambayo nilishaitenga iwe ya kupangusia, akatabasamu. Alikuwa ananiambia mpya zote mbili mbaya. Niliketi kitandani nikacheka na kulia kwa pamoja, kwa sababu nilikuwa na binti wa miaka kumi anayebishana na mama yake juu ya nguo ya sikukuu, kama mabinti wote wa Pemba nzima. Alikwenda kiwanja cha Idd na kanga ya kupangusia.

Lakini usiku ule nilisikiliza sauti ya kwenye simu. Msiniambie nichague moja.

Mama wa Kikwajuni

Mama wa Vitongoji, sikuambii. Umenisahihisha, na nimekubali. Mimi nilikimbia neno "pole" mpaka nikataka kulikimbia na lile lililo chini yake. Kijana wangu pia kila mwaka tunarudi naye kwa picha ya moyo, na usiku wa kabla ya safari silali. Kila mmoja na alete kama ilivyo kwake.

Baba wa Mkoani

Assalaam alaykum. Nimewasoma kwa siku mbili bila ya kuandika. Mwanangu wa kwanza ana miezi saba, na Jumatatu tumeambiwa ana hali hiyo ya Williams ya Mama wa Kikwajuni. Mke wangu analia, mama yake analia, nami natoka nje nikijifanya nakwenda kutazama ngalawa. Nasema kweli, hizo furaha zenu nazisoma kama habari za nchi nyingine. Naomba mniambie la kufanya kwanza, maana furaha naona iko mbali.

Mama wa Kikwajuni

Wa alaykum salaam, baba. Kwanza hongera ya mtoto. Najua hakuna aliyekupa hongera tangu Jumatatu.

Nitakwambia yale niliyotamani kuambiwa. Hakikisha amepigwa picha ya moyo na shinikizo la damu limepimwa, kwa sababu mshipa ukibana mtoto anaweza asionyeshe dalili yoyote. Omba apimwe kiwango cha kalisiamu katika damu, ambacho kwa watoto hawa wakiwa wachanga huweza kupanda, na pengine ndicho kinachomliza na kumtapisha. Kwa hiyo usimpe dawa za vitamini D wala za kalisiamu kwa ushauri wa jirani au wa duka la dawa, hata kama ziliwafaa watoto wengine wote wa mtaa. Figo nazo zitazamwe. Na ikitokea siku anatakiwa apewe dawa ya usingizi kwa upasuaji, hata wa jino, mweleze daktari wa usingizi jina la hali hii kabla, usingoje aulize, maana kwao dawa hizo zina hatari kubwa zaidi kwa ajili ya moyo. Karatasi zote ziweke katika faili moja, na faili lipande nawe boti kila safari, hata ukienda harusini. Mimi niliwahi kuliacha nyumbani mara moja tu na nikarudishwa siku ya pili.

Ama kuhusu furaha kuwa mbali, sitakubishia. Miezi saba ni mapema. Wangu umri huo alikuwa akilia saa kumi kwa siku nami sikuwa na jambo la kumsimulia mtu. Sikumbuki nilicheka lini kwa mara ya kwanza. Nadhani ilikuwa ni siku mwadhini alipokohoa katikati ya adhana, na mtoto wa mwaka mmoja na ushee aliyekuwa mapajani mwangu akakohoa vilevile, kwa sauti ileile.

Nimemsomea kijana wangu ujumbe wako, kwa kuwa alinikuta ninaandika na hapana kinachofichika kwake. Nimemwambia kuna mtoto mdogo Mkoani aliye kama yeye. Amefurahi sana, ameniuliza lini tutapanda boti. Kisha ameniuliza magoti ya mtoto yakoje.

Baba wa Mkoani

Mwambie mazima. Bado hajayatumia.